Daftari la baba: kwa nini tafakuri zako za wiki zinageuka mahubiri

Swali: "Mimi ni baba wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 14, mdogo miaka 7. Nimeanza kuandika tafakuri kila mwisho wa wiki kuhusu familia, imani na kazi, nikitaka siku moja watoto wazisome. Hii ni mara ya tatu naanza. Nikifika wiki ya nne au ya tano nachoka, na nikirudia nilichoandika naona ni maneno yaleyale, kama hotuba. Mke wangu alisoma ukurasa mmoja akacheka, akasema, 'Huyu si wewe.' Nakosea wapi? Na je, niwasomee watoto sasa au nisubiri wakue?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na mkeo, maana nusu ya jibu amekwisha kukupa yeye, na amekupa bure. Mtu anayelala na kuamka na wewe akisema mwandishi wa ukurasa huu hamjui, huna wa kumkatia rufaa. Mimi naweza tu kukueleza huyo mgeni aliingiaje daftarini.

Uliniambatanishia kurasa mbili. Ya wiki ya pili inaanza hivi: "Wiki hii nimejifunza kwamba familia ni zawadi kutoka kwa Mungu, na kwamba kazi, pamoja na umuhimu wake wote, isituibie muda wa kukaa na wale tuwapendao." Sarufi haina kasoro na hakuna uongo ndani yake. Ila ningeweza kuiandika mimi, ambaye sijawahi kukanyaga kizingiti cha nyumba yako. Angeweza kuiandika mtu asiye na mtoto hata wa kuazima. Saa 168 za maisha yako zimepita na hazikuacha hata alama ya kidole kwenye sentensi hiyo.

Kazi yangu ni ushauri wa familia, na madaftari ya akina baba yamepita mengi mikononi mwangu. Hili ndilo kosa la wengi, na mimi mwenyewe nililifanya miaka. Baba anaketi, anafungua daftari, na kabla kalamu haijagusa karatasi ameshapanda mimbarini. Anajua watoto watasoma siku moja, basi anaiandikia siku hiyo badala ya kuiandika wiki iliyopita. Anatoa hukumu ya kesi ambayo ushahidi wake haujasikilizwa. Ndiyo maana unachoka ukifika wiki ya nne. Familia ni zawadi, kazi isizidi kipimo, Mungu awe wa kwanza: umeshayasema hayo matatu, sasa utaongeza nini? Mafunzo yanaisha upesi. Visa haviishi.

Nilipokuandikia mara ya kwanza nilikuuliza jambo moja tu: wiki hiyohiyo, kuna wakati mtoto alikufuata ukiwa umeshika kazi? Ukanijibu kwa haraka, bila kupanga, pengine ukiwa njiani. Narudisha maneno yako kama yalivyokuja, nimegusa alama za uandishi tu:

"Jumatano jioni nilikuwa namalizia ripoti kwenye kompyuta. Mdogo akaja na kiatu, kamba imejifunga fundo. Nikamwambia subiri. Akasimama pale. Nikamwambia tena subiri, sikumwangalia. Ya tatu sikusikia jibu, nikageuka, nikamkuta amekaa sakafuni anafungua fundo kwa meno. Ripoti niliituma saa tatu usiku. Bosi aliifungua Ijumaa. Usiku uleule mimi ndiye niliyeongoza sala nyumbani, nikamwomba Mungu atusikie."

Hapo mkeo asingecheka.

Angalia ulichokifanya bila kujua. Kwenye daftari umepiga mistari miwili ukapata safu tatu, "Familia", "Imani", "Kazi", na kila Jumapili unahangaika kuzijaza kama fomu. Kwenye kisa cha kiatu hukuhitaji safu yoyote. Mtoto yuko sakafuni, bosi yuko ndani ya kompyuta, sala inakuja saa chache baadaye, na vyote vitatu vimegongana katika chumba kimoja. Kila wiki ina mgongano wa namna hiyo, hata kama ni mdogo. Kazi yako ni kuutafuta huo mmoja. Ukiupata, yale mengine yatakuja yenyewe. Usipoupata, andika kisa kidogo cha upande mmoja na uishie hapo. Safu zile tatu zifute.

Na tazama sentensi ya mwisho: "nikamwomba Mungu atusikie." Baba aliyeshindwa kumsikia mtoto mara tatu anaomba yeye asikiwe. Hukuieleza, na ndiyo maana inauma. Najua kishawishi kilichoko mbele yako: utakapoinakili kwa hati safi utataka kuongeza, "Kutokana na hili nimejifunza kwamba…" Kalamu ikifika kwenye "kutokana na hili", iweke chini uende ukanywe maji.

Sasa kuna jambo linalofanana na funzo lakini si funzo, nalo nakuomba ulifuate kila wiki: sababu. Kwa nini ulisema "subiri" mara tatu kwa ajili ya ripoti iliyofunguliwa Ijumaa? Jibu la mimbarini ni "kwa sababu dunia ya leo inatukimbiza". Jibu lenye damu huenda ni kwamba wiki iliyotangulia ulikosolewa mbele ya wenzako ukaogopa kukosolewa tena. Sijui, wewe unajua. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio zito la maisha yao pamoja na walivyojisikia kulihusu walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya juujuu. Baadaye Pennebaker na wenzake walichambua maneno yenyewe, wakaona walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao, siku hadi siku, yalizidi kuwa na maneno ya "kwa sababu" na "sasa naelewa". Walikuwa wanatafuta mzizi. Lakini usiligeuze daftari kuwa dawa. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha faida ipo, ila ni ndogo. Mimi nalipenda jaribio lile kwa jambo moja: linatenganisha kulalamika na kuchunguza.

Kuhusu wiki yenyewe. Umeniuliza pembeni kama uhamie kuandika kila siku ili usikate tamaa. Usihamie. Mwaka 2005 Sonja Lyubomirsky na wenzake waliripoti jaribio la wiki 6 ambamo kundi moja la watu lilihesabu neema zao mara moja kwa wiki, jingine mara tatu kwa wiki. Waliofurahia maisha zaidi mwishoni ni wa mara moja. Wa mara tatu hawakupata kitu cha kutajwa, pengine kwa sababu shukrani nayo ikizidi inakuwa zamu kama zamu nyingine. Mimi naona hivyohivyo kwenye madaftari. Baba wa kila siku huandika ratiba: nimeamka, nimekwenda, nimerudi. Wa kila mwaka huandika wosia. Wiki ina umbali wa kutosha kuona kilichotokea, na bado una kumbukumbu ya rangi ya kamba ya kiatu.

Kuna sababu nyingine ya kuishika wiki, nayo ni ya kihistoria kidogo, univumilie. Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti iliweka viwandani wiki ya siku 5: nne za kazi, moja ya mapumziko, ila siku ya mapumziko haikuwa moja kwa wote. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi na rangi yake, ili mashine zisilale hata siku moja. Mume akapata rangi yake, mke ya kwake, watoto wako shule. Siku ya ibada ikapotea katikati, na hilo nalo lilikuwa limekusudiwa. Malalamiko yalifika hadi magazetini: mtu anapumzikaje katika nyumba isiyo na mtu? Mwaka 1931 wakabadilisha, ikawa wiki ya siku 6 yenye siku moja ya kupumzika kwa pamoja, na mwaka 1940 wakairudisha wiki ya siku 7. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeliona hilo mapema. Mkataba wake namba 14 wa mwaka 1921 hausemi tu kwamba mfanyakazi wa kiwandani apumzike saa 24 mfululizo katika kila siku 7. Unasema pia kwamba, pale inapowezekana, wafanyakazi wote wa mahali pamoja wapumzike kwa wakati mmoja, na siku hiyo iende na desturi za watu.

Nimeyaleta hayo kwa sababu ya saa unayoandika. Umesema unaandika Jumapili saa tano usiku, nyumba imelala, na kesho ni kazini. Yaani siku ya pamoja imekwisha ndipo unaanza kuitafakari, ukiwa peke yako, kichwa kiko tayari ofisini. Mtu wa saa hiyo hana la kuandika ila azimio. Sogeza. Andika mchana au alasiri ya siku mnayokaa pamoja, watoto wakiwa wanapita mlangoni na kelele zao. Dakika 20 zinatosha, na mtoto akikuita katikati, nenda. Ukisema "subiri" kwa ajili ya daftari la tafakuri ya familia, basi wiki hiyo umeshapata cha kuandika. Katikati ya wiki usiandike chochote zaidi ya neno moja moja kwenye kikaratasi: "kiatu". "Lifti". "Mama kapiga simu". Siku ya kuandika neno hilo litafungua mlango wote.

Imani ndiyo sehemu ninayoiona imekaa vibaya kuliko zote katika kurasa zako, na si kwako tu. Tukifika hapo tunabadilisha sauti. Ghafla kila kitu ni "hakika" na "kwa neema". Najua kwa nini: tunaogopa mtoto asije akajua kwamba baba naye kuna siku alisali akiwa anawaza deni.

Lakini wazee wa imani, waliolifanya jambo hili kwa dhati kutuzidi, hawakuandika kwa mtindo huo. Katika Uislamu kuna neno muhasaba, kuihesabia nafsi yako kabla hujahesabiwa, na neno hilo ndilo lililompa jina al-Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857. Hilo ni neno la vitabu vya hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kinachodaiwa. Mfanyabiashara hawezi kuandika kwenye hesabu zake "mauzo ni baraka". Anaandika kiasi. Kwa Wakristo, Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti aliyefariki mwaka 1556, aliacha utaratibu wa kujichunguza ambao mpaka leo unafuatwa, na hatua yake ya kwanza ni shukrani. Makosa yanakuja baadaye. Alikuwa pia na zoezi la pembeni kwa kasoro moja maalumu. Mtu anachora mistari, kila siku na wake, anatia nukta kila alipoanguka, kisha analinganisha siku na siku, na wiki na wiki. Nukta tu. Hakuna hotuba juu ya udhaifu wa mwanadamu.

Kwa hiyo kwenye imani andika ulichofanya na kilichofanyika ndani yako. Mlisali saa ngapi, nani alisinzia, ulikuwa unawaza nini kwa kweli, uliomba nini na ukaona aibu kukiomba kwa sauti. Wiki ambayo moyo ulikuwa mkavu andika "wiki hii sikuhisi kitu, nilisali kwa mazoea", halafu funga. Nimeona vijana wakubwa wakisoma sentensi kama hiyo kutoka kwa baba yao, na ile ndiyo waliyoirudia kunisomea, si zile za "hakika".

Shukrani za mwanzo nazo ziwe na jina na kitendo. Usiandike "nashukuru kwa familia yangu". Andika kwamba Alhamisi mke wako aliona umerudi umenuna akawaita watoto chumbani bila kukuuliza kitu mpaka uliponawa uso. Nimelibuni hilo, sikujui, lakini unalo la kwako.

Kazi sina mengi ya kusema, ila moja. Mtoto wako wa miaka 7 hajui unafanya nini ukitoka nyumbani. Anajua unakwenda "kazini", mahali panapokurudisha umechoka. Ukiandika "wiki ilikuwa na changamoto nyingi kazini" bado hatajua hata akifika miaka 40. Andika mikono yako ilishika nini. Andika uliyemwogopa na uliyemwonea. Hilo la pili akina baba hawaliandiki kabisa. Ukurasa wa kazi siku zote una mtu mmoja aliyeonewa, naye ndiye mwenye daftari. Nyani haoni kundule.

Sasa watoto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoungua.

Mwanangu alikuwa na miaka 12. Alikuwa amefeli mtihani mmoja, akaficha karatasi ndani ya foronya ya mto, nami nikaigundua. Niliandika tafakuri nzuri sana kuhusu hofu na uaminifu, jinsi mtoto anavyotuficha kwa sababu tumemfanya atuogope. Ilikuwa kweli tupu, na ilinilaumu mimi kuliko yeye. Nikajipongeza kwa unyenyekevu, nikaisoma mezani mbele ya nduguze wote. Aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, baba." Baada ya hapo sikuambiwa tena jambo la maana na mtoto yule kwa karibu mwaka mzima. Foronya ilikuwa yake. Mimi niliitoa nje nikaitundika kwenye kamba ya nguo kila mtu aione, nikaita tendo hilo tafakuri.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usiwasomee. Wasimulie. Tofauti yake ni kubwa. Daftari libaki la kwako, libebe yote, hata yale ya mkeo na ya watoto ambayo si ya kutangazwa. Kutoka humo, mara mojamoja, chagua kisa ambacho mwenye kosa au mwenye kuchekesha ni wewe, ukisimulie kwa mdomo mkiwa mmekaa, bila karatasi. Kisa ambacho ndani yake mmoja wao amejikwaa, muulize kwanza mwenyewe, peke yake, na akisema hapana isiwe na mjadala. Huyo wa miaka 14 hasa. Umri huo mtoto anahesabu siri zake kama mali, na baba anayeandika anaonekana kama mwizi mwenye kalamu.

Kusimulia kwenyewe kuna uzito kuliko unavyodhani. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitengeneza maswali 20 ya ndiyo na hapana ya kupima mtoto anajua kiasi gani kuhusu watu wake: unajua wazazi wako walikutana vipi, unajua wao walikulia wapi, mambo ya namna hiyo. Watoto waliojua mengi walielekea kujiamini zaidi na kuona maisha yao yako mikononi mwao. Sharti la kuelewa hapa ni kwamba majibu hayo si dawa ya kukariri. Ukimfundisha mtoto majibu yote 20 kwa usiku mmoja hutakuwa umemjenga. Kinachoonekana ni kwamba nyumba yenye majibu hayo ni nyumba ambayo watu wameketi pamoja mara nyingi wakizungumza. Watafiti haohao waliona simulizi inayomshikilia mtoto vizuri zaidi ni ile yenye kupanda na kushuka: tulipata, tukapoteza, tukasimama tena. Si ile ya tulianza chini na sasa tuko juu, wala ile ya tulikuwa juu wakatushusha. Rudia kurasa zako uone ziko katika mtindo upi. Mimi nimeziona: zote zinapanda.

Tena usilitwike daftari mzigo usio wake. Kaizari wa Roma Marko Aurelio, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliandika kwa ajili yake mwenyewe tafakuri ambazo watu bado wanazisoma, nyingine akiwa kambini vitani. Anaanza kwa kutaja watu mmojammoja, babu, mama, walimu, na alichojifunza kwa kila mmoja, na sehemu hiyo ningekushauri uiige kwa wiki moja: orodha ya wanaokudai shukrani na kwa tendo gani. Lakini mwana aliyemrithi alikuwa Commodus, ambaye utawala wake uliharibika vibaya, akauawa siku ya mwisho ya mwaka 192. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mara nyingi ni kweli, ila kumwandikia mtoto si kumlea. Nimeona baba akikimbilia daftari kwa sababu karatasi haimjibu.

Ndiyo maana kuna kanuni moja ninayowashika nayo watu wangu bila huruma, nyingine zote wanaweza kuzivunja. Ukurasa ukionyesha deni, deni lilipwe kabla ya ukurasa unaofuata. Deni naliita jambo lolote ambalo ukilisoma unajua kuna mtu anangoja neno kutoka kwako: radhi, asante, simu, fedha ulizoahidi. Usipolipa, wiki inayofuata utaandika kwa kuzungukazunguka ukilikwepa, na hapo ndipo mimbari inaporudi. Nahisi kwamba majaribio yako mawili ya kwanza hayakufa kwa uvivu. Nenda kayatoe huko kabatini, angalia ukurasa wa mwisho wa kila moja. Mara nyingi nimekuta pale pana jambo ambalo mwenyewe alikuwa hataki kulifanya.

Na wiki ukiiruka, usiifidie. Usiandike mbili kwa mpigo. Andika tarehe, acha mistari mitatu mitupu, endelea.

Jumapili hii, basi, huna haja ya kutafuta cha kuandika. Kabla hujafungua daftari, mtafute mdogo, chuchumaa awe anakuona usoni, mwambie kwamba Jumatano ile alikuletea kiatu nawe ukasema subiri mara tatu na haikuwa sawa. Usiongeze habari za ripoti. Inawezekana amesahau kabisa. Inawezekana atasema "sawa" huku macho yake yako kwenye anachokichora, akuulize kama unaweza kuchora farasi. Andika alichokujibu, maneno yake hasa, na farasi alitokeaje.